Rilei ya pampu ya mafuta imekufa: mwongozo kamili wa kuunga pampu ya pikipiki dairekti bila kuichoma

Wengi wanaokwama kwenye kazi hii husema maneno yaleyale: "Nimeunga rilei dairekti na bado haiwaki." Ukifuatilia unakuta mmoja kaunganisha pini zisizohusika, mwingine pampu yenyewe ilishakufa, na wa tatu rilei yake haikuwa na kosa lolote. Wapo pia ambao pikipiki iliwaka, wakaondoka na waya uliotoka moja kwa moja kwenye betri, hauna fyuzi, umepita chini ya tanki la petroli. Hao ndio wanaonitia hofu zaidi.

Rilei ni swichi ya umeme ambayo kompyuta ya pikipiki huitumia kuwasha pampu. Kuunga dairekti ni kuiruka rilei hiyo kwa kipande cha waya, ambacho hapa nakiita daraja. Hufanywa kwa mambo mawili: kupima, na kufika nyumbani au kwa fundi. Ukiwa umekwama kwenye ile barabara ya Morogoro kwenda Iringa inayokatiza Hifadhi ya Mikumi na jua linazama, si mahali pa kusubiri rilei iletwe kutoka mjini. Lakini rilei mpya inabaki kuwa lazima.

## Kwanza hakikisha pikipiki yako inahusika

Mwongozo huu ni wa pikipiki za EFI, zenye nozeli na kompyuta, ambazo pampu yake ya umeme ipo ndani ya tanki. Pampu hiyo husukuma petroli kwa nguvu ya takriban baa 3.

Boxer na TVS HLX za kabureta hazina pampu. Petroli hushuka yenyewe kutoka tankini kwenda kwenye kabureta. Kama hiyo ndiyo yako, angalia koki, chujio na kabureta. Hapa hakuna rilei ya kutafuta.

Kuna aina tatu za kuwa nazo macho:

- Yamaha kadhaa za EFI, R6 ikiwemo, zimeunganisha rilei ya pampu na rilei ya mfumo wa stata ndani ya boksi moja lenye pini nyingi. Usiguse boksi hilo bila mchoro wa waya wa modeli yako.
- BMW R1200GS za mwanzo hazitumii rilei ya kawaida kwa pampu. Zina kidhibiti cha kielektroniki kinachokaa juu ya tanki. Hatua za hapa chini hazikifai.
- Honda za zamani za kabureta zenye pampu hutumia rilei ya waya tatu: wa umeme unaoingia, wa kwenda kwenye pampu, na wa tatu unaoleta mapigo kutoka mfumo wa cheche. Pampu haifanyi kazi mpaka injini izunguke, kwa hiyo ukifungua swichi usitegemee kusikia kitu. Hapo daraja huunganisha waya wa umeme na wa pampu. Ule wa mapigo unaachwa kabisa.

Zilizobaki, nyingi zina rilei ndogo ya pini nne, na hiyo ndiyo tunayoishughulikia.

## Vifaa

- Mita ya umeme ya kawaida, ile ya kupimia volti na ohmu.
- Waya wa nyuzi wa milimita za mraba 1.5, urefu wa sentimita 20 hivi.
- Teminali bapa mbili za kiume zenye upana sawa na pini za rilei yako. Rilei kubwa hutumia milimita 6.3; ndogo huwa na pini nyembamba zaidi. Nenda dukani na rilei mkononi.
- Kishikio cha fyuzi cha kuunga kwenye waya, na fyuzi yenye ampea sawa na ile ya saketi ya pampu. Mara nyingi ni 10.
- Plaizi ya kubania teminali, tepu ya umeme, msasa laini, na dawa ya kupuliza ya kusafishia viungio vya umeme.
- Kizimamoto cha unga. Ukiwa porini, walau mchanga mkavu karibu na mkono.

Fanyia kazi mahali pa wazi penye hewa. Mfuniko wa tanki uwe umefungwa, injini ipoe, na asiwepo mvuta sigara. Ukinusa petroli mbichi, acha kazi ya umeme kwanza ujue inavuja wapi.

## Hatua ya 1: Sikiliza

Weka swichi nyekundu ya kuzimia, ile ya mkono wa kulia, kwenye nafasi ya kuwaka. Fungua swichi ya funguo bila kupiga stata, na utege sikio kwenye tanki.

Pampu nzima huvuma kwa sekunde 2 au 3 kisha hunyamaza. Hapo kompyuta inajaza nguvu ya mafuta na kuikata hadi injini izunguke. Kwa hiyo kunyamaza baada ya sekunde hizo si ugonjwa. Wapo waliobadilisha pampu nzima kwa kutojua hilo.

Ikivuma, rilei inafanya kazi, angalau kwa sasa. Tafuta tatizo kwenye chujio, nozeli, plagi au cheche. Isipovuma, endelea.

## Hatua ya 2: Betri na fyuzi

Pima betri swichi ikiwa imefungwa. Ikiwa na volti 12.4 hadi 12.7, sawa. Ikiwa chini ya 12, ichaji kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu betri dhaifu inaweza kuifanya rilei igongegonge bila kushika, na ukailaumu bure.

Kisha chomoa fyuzi ya pampu au ya EFI na uipime kwa ohmu. Usiitazame kwa macho tu. Fyuzi inaweza kuwa na ufa usioonekana. Kama imekatika, weka mpya yenye ampea zilezile. Mpya ikikatika papo hapo, kuna shoti, na kuunga dairekti kutakuletea moto. Simama hapo utafute shoti.

## Hatua ya 3: Ipate rilei, kisha uibadilishane

Rilei nyingi hukaa chini ya siti, ubavuni mwa betri au nyuma ya kava la pembeni. Ili ujue ipi ni ya pampu, shika moja baada ya nyingine wakati mwenzako anafungua swichi. Ya pampu itagonga "tik" mara moja, na baada ya sekunde 2 au 3 itagonga tena ikiachia. Kama hakuna inayogonga hivyo, fuata waya kutoka kwenye soketi ya pampu au angalia mchoro.

Mlio huo una maana yake:

- Inagonga lakini pampu kimya: koili, yaani sumaku ya umeme iliyo ndani ya rilei, ni nzima. Shaka iko kwenye ncha za ndani zinazopitisha umeme wa pampu, kwenye waya, au kwenye pampu.
- Haigongi kabisa: koili imekatika, au amri ya kompyuta haifiki.

Kabla ya kukata waya wowote, angalia kama rilei ya feni, ya honi au ya taa ni ileile. Linganisha namba zilizoandikwa ubavuni na mpangilio wa pini, maana umbo kufanana peke yake hakutoshi. Zikilingana, badilishana. Pampu ikivuma, umemaliza: ondoka bila honi au bila taa kama bado ni mchana. Kama uliyoiazima ni ya feni, angalia joto la injini na uepuke foleni.

Nawasisitizia watu hii kuliko yote yanayofuata. Rilei ya kuazima inaacha ulinzi wote wa pikipiki ukifanya kazi, lakini daraja la waya linauondoa.

## Hatua ya 4: Zitambue pini kwa kupima

Hapa ndipo kazi inapoharibikia, kwa hiyo tusiende haraka.

Rilei ina pande mbili. Upande wa kwanza ni koili, pini 85 na 86. Hupitisha umeme mdogo tu wa kuamrisha. Upande wa pili ni ncha za kazi, pini 30 na 87. Umeme huingia 30 na kutoka 87 kwenda kwenye pampu, na unaweza kuwa ampea 3 hadi 5. Daraja ni la 30 na 87 tu.

Kwa nini usiguse 85 na 86? Kwenye pikipiki nyingi, 86 hupata umeme wa chanya ukifungua swichi, na 85 huenda kwenye kompyuta, ambayo huwasha rilei kwa kuipeleka 85 kwenye ethi, yaani upande wa hasi. Ukiziunganisha kwa waya, umepeleka volti 12 ndani ya kompyuta bila koili ya kuzuia. Kompyuta ikitoa amri, umeme wote unapita kwenye kipande kidogo cha elektroniki ambacho hakikutengenezwa kwa mzigo huo. Rilei ni ya bei ndogo, lakini kompyuta ikiungua unaweza kuiegesha pikipiki kwa miezi.

Namba hizo hazipo kwenye kila rilei. Za Kijapani nyingi zimeandikwa 1 hadi 4, na mpangilio unatofautiana. Kwa hiyo pima:

Kwenye rilei iliyochomolewa. Weka mita kwenye ohmu na upime pini mbilimbili. Jozi inayosoma kati ya ohmu 50 na 120 hivi ndiyo koili. Pini mbili zilizobaki ni za kazi, na baina yao mita isisome kitu. Ikisoma karibu na sifuri wakati rilei imetulia, ncha zimegandana, na huo ni ugonjwa tofauti: pampu isiyozimika. Kama hakuna jozi inayosoma kitu, koili imekatika, umeshampata mkosaji. Tumia mchoro uliochapwa ubavuni mwake kutambua pini, au pima rilei nyingine yenye namba zilezile.

Kwenye soketi. Igeuze rilei kama inavyoingia na uweke alama kwa kalamu kwenye matundu mawili ya pini za kazi. Fungua swichi. Ncha nyeusi ya mita iweke kwenye hasi ya betri, nyekundu igusishe kila tundu lenye alama. Lenye volti karibu sawa na betri ndilo 30.

Sasa funga swichi, hakikisha tundu la pili halina volti, weka mita kwenye ohmu na upime kutoka tundu hilo hadi hasi ya betri. Linatakiwa kusoma ohmu chache tu, kwa sababu unasoma kupitia mota ya pampu. Hilo ndilo 87. Lisiposoma kitu, waya wa pampu umekatika, ethi yake imeoza au pampu imekufa, na daraja halitakusaidia.

Ukikuta pini tano, ile ya katikati yenye 87a haina kazi na wewe. Hiyo huunganishwa na 30 wakati rilei imepumzika.

Kama 30 haina umeme, usivute waya kutoka betri kuja kuiziba. Kinachokosekana kiko kabla ya rilei: fyuzi, swichi ya kuzimia iliyooza ndani, au swichi ya funguo. Chezesha swichi ya kuzimia mara kadhaa huku unaangalia mita. Vumbi na maji ya kuoshea huiharibu sana.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii: funga swichi ya funguo na upime 30 tena. Umeme ukipotea, vizuri. Ukibaki, pikipiki yako inailisha 30 moja kwa moja kutoka betri, na daraja litaiacha pampu ikivuma hata ukiwa umechukua funguo. Andika hilo pembeni, tutalirudia.

## Hatua ya 5: Tengeneza daraja

Kata waya, unga kishikio cha fyuzi katikati, bana teminali bapa kila mwisho, kisha vuta kwa nguvu. Teminali ikichomoka mkononi, itachomoka barabarani. Funika sehemu zote tupu kwa tepu isipokuwa ncha zinazoingia tunduni.

Usitumie msumari, pini ya nywele wala waya uliomenywa na kusokotwa. Vitu hivyo hupanua tundu, na ukija kuweka rilei mpya haitashika sawasawa. Itapata joto, na utarudi ulikoanzia.

Fyuzi isizidi ile ya saketi. Anayeweka ya 30 "ili isikatike" ameugeuza waya wa pampu kuwa fyuzi, na waya huo unaishia tankini.

## Hatua ya 6: Weka daraja

Swichi ya funguo imefungwa. Chomeka teminali moja kwenye 30 na nyingine kwenye 87. Kuchomeka umeme ukiwepo hutoa cheche, na uko nusu mita kutoka kwenye petroli. Kama 30 yako ina umeme muda wote, chomoa fyuzi kubwa ya betri kwanza, chomeka daraja, ndipo uirudishe.

Fungua swichi. Matokeo ni moja kati ya haya:

- Pampu inavuma bila kukoma, sauti nyororo ya kiwango kimoja. Ndicho tunachotaka. Pampu, waya na ethi ni vizima. Tatizo ni rilei au amri yake.
- Inavuma kwa shida, inapanda na kushuka. Pima volti kwenye soketi ya pampu. Ikipungua kuliko betri kwa zaidi ya nusu volti, kuna kiungio kilichooza njiani. Kama volti ziko sawa, pampu inachoka au chujio limeziba.
- Kimya. Ikiwa volti zinafika kwenye soketi ya pampu na ethi ni nzuri, pampu imekufa. Ondoa daraja.
- Fyuzi inakatika. Mota imekwama au waya unagusa bodi. Usiongeze ampea. Ondoa daraja.

## Hatua ya 7: Washa injini

Iache pampu ivume sekunde chache, kisha piga stata. Injini ikiwaka na kutulia kama kawaida, iache dakika 5 huku unagusa waya wa daraja na kishikio cha fyuzi. Uvuguvugu kidogo si neno. Ukishindwa kuushika, teminali hazijabana.

Taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi. Kompyuta nyingine hukagua koili ya rilei na kulalamika isipoiona. Kwenye Suzuki nyingi za EFI, kodi (namba ya hitilafu) inayohusu rilei ya pampu ni C41.

Sasa kuna hali inayowachanganya wengi: pampu inavuma vizuri, stata inazungusha, injini haiwaki. Mara nyingi hapo rilei haikuwa mgonjwa. Kompyuta iliikatia amri makusudi, na imekata cheche na nozeli pia. Angalia kihisi cha kuanguka, kile kinachozima injini pikipiki ikilala. Kwenye Suzuki hukata takriban nyuzi 65, na kodi yake ni C23. Kimelegea kwenye kishikio chake, au mtu alikirudisha kichwa chini baada ya kusafisha? Ukiacha hicho, kuna mfumo wa funguo za kuzuia wizi na kihisi cha mzunguko wa injini. Ondoa daraja, kwa maana halina msaada hapo, na kuendelea kupiga stata kutamaliza betri tu.

## Hatua ya 8: Jua utaizimaje kabla hujaondoka

Ukiwa na daraja, kompyuta haiwezi tena kuikata pampu. Ukianguka, injini itazimika lakini pampu itaendelea kusukuma petroli kwa baa 3, na kama mpira umepasuka, inamwagika juu ya injini ya moto. Ndiyo sababu nasema daraja si tengenezo.

Kwa hiyo, pikipiki ikiwa imesimama na pampu inavuma, jaribu hivi: bonyeza swichi ya kuzimia. Pampu imenyamaza? Irudishe, kisha zima kwa funguo. Imenyamaza? Lazima ujue ni ipi kati ya hizo inayoizima.

Kama hakuna inayoizima, basi 30 yako ni ya moja kwa moja. Unga swichi ndogo ya ampea 10 au zaidi kwenye daraja, uifunge karibu na mkono. Kama huna swichi, usiondoke hivyo; tafuta rilei ya kuazima au gari la kukubeba.

Ukiwa njiani:

- Zima kila unaposimama, na usikilize kama pampu imenyamaza kweli.
- Usiache funguo wazi injini ikiwa imezimika. Pampu itakula betri, na ukiisahau usiku kucha utaikuta imekufa.
- Funga daraja kwa tepu na kamba za plastiki, mbali na ekzosi na mahali siti inapobana.
- Nenda polepole, njia fupi, usiingie kwa makusudi kwenye mashimo na matope. Abiria na mizigo waache.

## Hatua ya 9: Rudisha rilei

Nunua rilei yenye pini na mpangilio uleule, volti 12, na ampea zisizopungua za zamani. Kama ya zamani ina mchoro wa dayodi kwenye koili, mpya nayo iwe hivyo. Dayodi hiyo huzuia umeme wa kurudi koili inapoachia, na upande wake wa chanya na hasi lazima uheshimiwe.

Kabla ya kuichomeka, tazama soketi kwa tochi. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka ukingoni mwa tundu inaonyesha kwamba joto lilianzia kwenye soketi, na rilei mpya itaungua vilevile. Badilisha teminali hiyo. Kama kuna ukungu wa kijani, puliza dawa, sugua kidogo kwa msasa laini, puliza tena, uache ikauke.

Chomoa daraja swichi ikiwa imefungwa, chomeka rilei, fungua swichi. Usikie "tik", mvumo wa sekunde 2 au 3, kisha "tik" ya pili na ukimya. Washa injini na upime volti kwenye soketi ya pampu: zisipishane na za betri kwa zaidi ya nusu volti. Zikipishana zaidi, chezesha waya wa nyuma ya soketi huku unaangalia mita. Mara nyingi utaiona namba ikirukaruka pale palipooza.